Bao Nililojifunga Handeni

Mkisikia watu wa Handeni wananicheka msiwagombeze, maana aibu ile niliitafuta kwa mdomo wangu mwenyewe.

Wakati huo Wajerumani walikuwa wameshafikisha reli Korogwe, nami nilikuwa mbeba mataruma, yale machuma yanayolazwa chini ya reli, kazi ya kuvunja mgongo. Bwana mkubwa wa stesheni akaleta mpira, mabwana wa mashamba ya mkonge wakaona wivu, mara kila mzungu ana timu yake na wachezaji wa mshahara ambao kazi yao ni kula wali na kukimbia (sisi tunakula ugali na kubeba chuma). Karani wake alipouliza nani anajua kulinda lango, nikanyoosha mkono.

"Umejifunzia wapi?"

"Tanga," nikasema (na kweli Tanga niliwahi kuuona mpira, umening'inizwa dukani).

Miezi miwili nikala wali. Mabeki wetu walikuwa hodari, mpira haunifikii, sifa zinanifikia. Ndipo tukapelekwa kucheza na timu ya akida wa Handeni, na Handeni ndiko nilikopeleka posa. Mzee Mhando, baba wa binti, akaja kutazama, akakaa nyuma ya lango langu, hatua mbili tu.

Kipindi cha pili mpira ukanijia kifuani, nikaudaka, sijui hata nilivyoudaka. Nyuma yangu nikasikia kikohozi. Sasa ningefanyaje, mkwe anakohoa na mimi nimempa mgongo muda wote bila salamu? Nikaugeukia mstari wa lango, ule wa majivu, na mpira wangu kwapani, nikauvuka, nikainama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Korogwe hawajambo?"

"Hawajambo."

Firimbi ikalia, nikadhani nasifiwa adabu. Kumbe ni bao. Nikambishia mwamuzi kwamba nilikuwa namwamkia mkwe, bwana mkubwa akatafsiriwa, akawa mwekundu, karani akanisogelea taratibu.

"Tanga ipi hiyo iliyokufundisha?"

Tulifungwa kwa bao hilo moja. Mzee Mhando, Mhandeni damu, akazunguka uwanja mzima akiwaambia watu, "Aliyetufungia ni mkwe wangu yule."

Binti nilipewa, siwezi kulalamika. Lakini Jumatatu nilikuwa chini ya taruma, na wachezaji wenzangu wakapita wakiniinamia mmoja mmoja, "Shikamoo, mzee," nami nikawaitikia wote. Kazi nisiyoijua siiombi tena.