Kuku Aliyekula Mtori wa Mzazi

Napika viazi vya kuponda. Nimeshasema, na anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, maana nikianza kusimulia sirudi nyuma. Kijiweni kwetu Shirimatunda, tunapokaa mafundi rangi kusubiri kazi, wananiita mama lishe. Sawa. Mama lishe ndiye anayewalisha kila siku, sasa tusi liko wapi hapo?

Ilianza mke wangu alipojifungua. Kwetu mzazi haachwi kwenye chumba cha kupanga na mume anayenuka tina ya kuchanganyia rangi. Anapandishwa mlimani kwa mama mkwe, analazwa, analishwa mpaka mashavu yazibe macho. Nikampeleka Kilema kwa mama, mimi nikabaki mjini na brashi zangu, nikawa napanda kila Jumamosi.

Na chakula cha mzazi ni mtori. Ndizi na nyama vinachemshwa mpaka vinakata tamaa, halafu mama anachukua kipekecho, kile kijiti chenye meno chini, anakizungusha katikati ya viganja mpaka sufuria nzima inakuwa uji mzito. Asubuhi mtori, mchana mtori, jioni ukiuliza kuna nini unaonekana mkorofi. Mimi nimekuzwa na mtori, siuchukii. Ila mke wangu ni mtu wa Mabogini, kakulia pembeni ya majaruba ya mpunga, na tangu ajifungue harufu ya ndizi ikimfikia tu, anatafuta beseni.

Mama hakujua. Jumamosi moja nafika, ananipokea anang'aa.

"Mkeo anakula, baba! Bakuli linarudi tupu!"

Naingia ndani, naona mtu kakonda, shingo kama mpini wa brashi. Mtoto ananyonya, anaachia, analia. Ananyonya tena, analia. Maziwa hayatoshi. Nikajiuliza hayo mabakuli yanaishia wapi, na jibu likapita nje ya dirisha: kuku wa mama, tetea mwekundu, kanenepa mpaka anatembea kama mwenyekiti wa kijiji.

"Unammwagia kuku?"

"Usimwambie mama," akasema, machozi yako karibu. "Anahangaika na mimi jamani. Nikikataa ataona namdharau. Nikila natapika."

"Sasa unataka nini? Sema, hata kama kipo kileleni."

"Viazi vya kuponda. Vya maziwa. Mama yangu alikuwa ananipikia nikiumwa."

Mama yake ni marehemu. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumpigia simu. Nilikuwepo mimi, darasa la saba, fundi rangi, mtu ambaye wageni wakionja hata chai yake wanaomba maji.

Jumapili mama alipokwenda misa, nikaingia jikoni. Viazi mviringo vilikuwepo stoo. Nikamenya, nikachemsha, nikachukua kipekecho. Si ndiyo kifaa cha kupondea? Nimemwona mama nacho tangu nikiwa natambaa. Nikazungusha kwa nguvu zote za ujana huku napiga mluzi. Vikaanza kunata. Nikaongeza spidi. Vikaanza kuvutika. Nikamimina maziwa ya baridi, vikawa gundi kabisa. Nikainua kipekecho, sufuria ikainuka nacho.

Nikaonja. Ningepewa ukuta pale, ningeupiga skimu, ile nyeupe tunayolainishia kabla ya rangi, na ungekauka kabla mama hajarudi.

Sasa hapo ndipo akili ya kazi ikanijia. Skimu yenyewe ukiisugua sana inaanza kuvuta, unaiharibu kwa bidii yako. Ndizi inataka kuzungushwa, kiazi hakitaki. Kiazi unakiponda, basi, unaachana nacho.

Nikamenya vingine. Vipande vya saizi moja, visije vingine vikaiva na vingine vikabaki mawe. Chumvi, maji ya baridi, ndipo moto. Vilipopasuka kwa kuguswa tu na uma, nikamwaga maji yote nikarudisha sufuria kwenye makaa, natikisa, vijikaushe. Maziwa nikayapasha pembeni. Na siagi ya mama, ile anayoipiga mwenyewe, nikaishusha kutoka juu ya kabati bila kuomba ruhusa.

Nikawasikia kabla sijawaona. Mama kaja na kinamama watatu wa jumuiya kumwona mtoto.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia, halafu wakaganda mlangoni.

"Mae! Mangi kageuka mama!" mmoja akapiga kelele, maana kwetu kila mwanamume ni mangi.

"Mkewe kamlisha nini huyu?"

"Mwacheni, labda na yeye kajifungua."

Mama hakucheka. Alikuwa anatazama kipekecho chake, kimevaa gundi mpaka shingoni.

"Toka jikoni kwangu."

"Sitoki, mama. Viazi vikipoa havipondeki."

"Mzazi wa nyumba hii anakula mtori."

"Leo anakula hivi."

"Kwani mtori wangu una nini?"

Sauti ilishuka. Nikajua hagombei jiko. Lakini nilishaahidi kufunga mdomo, nikaufunga. Niliponda. Kitako cha kikombe cha bati, juu chini, juu chini, bila kuzungusha hata mara moja. Siagi kwanza, halafu maziwa ya moto kidogo kidogo, mpaka vikawa vinasimama kwenye mwiko, vinafikiria, ndipo vinaanguka.

"Nakuuliza wewe, baba."

"Nikimaliza utanichapa, mama. Mwiko huu hapa."

Nikapakua, nikapita katikati yao na bakuli, kichwa juu. Wakanifuata mpaka chumbani, maana hakuna mwanamke wa Kilema angekubali kukosa hiyo. Mke wangu akajiinua. Na ilikuwa saa ya chakula cha mchana, kwa hiyo yule kuku naye alikuja. Akasimama chini ya dirisha, kanyoosha shingo, kafungua mdomo.

"Huyo kuku anasubiri nini?" mmoja akauliza.

Kuku akagonga ukuta kwa mdomo, kama mteja aliyecheleweshwa.

Mama akamtazama kuku. Akatazama dirisha. Akamtazama mkwe wake, ambaye kijiko kilishaingia mdomoni.

"Nisamehe, mama," mke wangu akasema, mdomo umejaa, na akachota tena.

Mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Siku zote hizi nampikia kuku?"

Yule mwenye mdomo kuliko wote akasema, "Lakini kanenepa vizuri, jamani," na kinamama wakapasuka.

Mama akasimama, akanigeukia.

"Chinja."

Nilijikagua kwanza kama ni mimi.

"Kuku. Mtori wangu umo mle ndani. Utamfikia mzazi leo hii, apende asipende."

Jioni mke wangu alikula viazi kwa mchuzi wa kuku, akaomba tena. Mama anahesabu kila kijiko. "Umeona? Mtori huo unashuka."

Maziwa hayakuja siku ileile. Lakini Jumamosi iliyofuata napanda na mfuko wa viazi begani, nakuta kile kikombe cha bati kina viazi kwenye kitako, na mimi sikuwepo wiki nzima. Sikuuliza. Mtoto alinyonya mpaka maziwa yakamtiririka kidevuni, akalala mdomo wazi.

"Mtori huo," mama akasema.

"Viazi, mama."

"Mtori."

"Viazi." Na mpaka leo sijakubali.

Kipekecho, mama alinilazimisha kukiosha mwenyewe, Jumapili ileile ya kuku. Gundi ilikuwa imeshakauka, nikakisugulia nje, kwenye bomba la njiani, watu wanapita. Wale kinamama walikuwa wanarudi makwao.

"Mama lishe!" wakaniita.

"Abee!" nikaitika.