Hakuna Jibu Baya Gredi ya Sita

Mwalimu Euphrasia ni mtu wa Chakol, miaka kumi na mbili kwa chaki, na kwa plot yenye tunapanga naye hapa Malaba mpakani tunamuita Madam Makofi. Ukimwambia tu umenunua sukuma wiki anakupigia makofi. "Vizuri sana! Nani mwingine?" Boss, nani mwingine na niko peke yangu kwa mlango?

Hiyo tabia ilitoka semina. Alienda Busia siku tatu, akarudi na hii mambo ya kubungua bongo. Unauliza darasa swali moja, watoto wanarusha majibu kama njugu, na wewe unaandika yote ubaoni. Huchekelei mtu, hukatai kitu. Kando ya kila jibu unaweka jina la mwenye ametoa, ndio mtoto ajisikie ni mtu. Alafu juu siku hizi kila kitu ni ushahidi, unapiga ubao picha unatuma kwa grupu ya wazazi.

Jumatatu swali lilikuwa: moto unaweza kuanzia wapi hapa karibu na sisi?

"Jiko!"

"Waya ya stima!"

"Bibi ya pasta akikasirika!" Huyo ni Emong, spika ya darasa. Hata hiyo iliandikwa.

Alafu Apolot, msichana wa kuongea mara moja kwa muhula, akainua mkono. "Kwa stoo ya Mzee Omoding, mwalimu. Nyuma ya hii darasa. Petroli ya magendo ya ng'ambo imejaa, mitungi mpaka kwa dari."

Hiyo harufu kila mtu huisikia, na kila mtu husema ni jenereta. Na mamake Apolot, Anyait, ndiye hupikia vijana wa hiyo stoo.

Madam akapiga makofi. Akaandika. Akapiga picha. Akatuma.

Mimi niko kwa hiyo grupu juu ya siz yangu mdogo, dadangu, ako hiyo darasa. Kawaida ni stika za Amina na mtu anauza miche ya kabeji. Siku hiyo wazazi arobaini na moja waliona, na hakuna hata emoji. Madam akafuta baada ya dakika saba. Kufuta itasaidia nini, na watu washapiga screenshot? Alafu Omoding mwenyewe, mzazi pia kwa hiyo grupu, akaandika: "Kazi nzuri mwalimu. Watoto wako wazi sana." Na kidole gumba. Sijawahi ogopa kidole gumba hivyo.

Jumanne saa nne Omoding akaingia darasani na kreti mbili za soda. Siz anasema alikuja kofia mkononi, heshima kama ya kanisani.

"Watoto, nasikia mnabungua bongo. Na mimi niulize moja." Akachukua chaki. "Nani alimwambia Apolot mambo ya stoo yangu?"

Sasa hawa watoto walikuwa wamefundishwa vizuri. Hiyo ndiyo shida. Mikono ikaruka juu. Emong alikuwa karibu kupanda dawati.

"Mzee, tuko na somo," madam akasema.

"Hata hii ni somo. Wewe kijana, sema."

"Mimi najua! Ni—"

"Emong, kaa chini!"

Mwaka mzima hakuwa amewahi kataa jibu ya mtoto. Emong akakaa, mdomo wazi. Omoding akacheka polepole.

"Eh, madam. Si mlisema hakuna jibu baya?"

Watoto walikuwa washaanza kugeuka kumwangalia Apolot, na Apolot anaangalia daftari tu. Mwingine angesema ni mamake, si kwa ubaya, ni vile amezoea kujibu.

"Ni mimi," madam akasema. "Nilichungulia kwa ufa ya ukuta. Nikampa hiyo jibu ndio darasa isikwame."

Uongo mtupu. Omoding alimwangalia, akaweka chaki kwa meza vile mtu huweka yai.

"Sawa. Basi ni mimi na wewe, mwalimu. Watoto, kunyweni soda."

Madam alisema hakuna kufungua, na hata Emong hakubisha. Hapo ndio ujue mambo ni mabaya.

Saa saba Apolot na mamake walikuwa stage ya matatu za Funyula na mfuko mmoja wa nguo, wanaenda kwa nyanyake Apolot. Madam ndiye aliwasindikiza. Anyait akamshika mkono: "Na wewe, mwalimu? Panda twende." Madam akasema ako na somo ya Kiswahili saa nane.

Nilimuuliza madam mbona hajaripoti polisi. "Kwa nani?" akasema. "Wenye ningeripotia wako kwa grupu. Waliona."

Hii ni wiki ya pili. Pikipiki bila namba inapaki kwa geti yetu kila asubuhi, taa ikiangalia mlango wa madam. Jamaa hashuki, haongei, anakula tu miwa. Stoo haijahamishwa. Jana harufu ilikuwa kali mpaka madam akatoa watoto wasomee kwa nyasi, mbali na ukuta. Siz anasema wakiwa hapo nje, yule wa miwa aliingia na pikipiki mpaka uwanjani, akazima injini, akakaa kuwahesabu kwa kidole, mmoja mmoja.