Talaka Aliyoitoa Sufiani Gerezani

Kaka yangu Sufiani alikuwa anaogopa hata jongoo, na huyo ndiye aliyefungwa miaka thelathini kwa ugaidi.

Kosa lake lilikuwa mfuko wa salfa. Kila msimu alishuka kutoka kwetu Kinole kwenda kusini kufanya kibarua cha kupulizia mikorosho dawa hiyo ya ukungu. Mwaka ule kulikuwa na mauaji huko mpakani, na kila mgeni alitiliwa shaka. Yeye akarudi na salfa kidogo ya kunyunyizia nyanya za mkewe. Askari waliopekua nyumba walikuta unga wa njano, wakasema ni wa kutengenezea mabomu, na kwenye simu yake wakakuta namba za watu wa Mtwara. Shahidi mmoja akasema alimwona usiku kwenye kambi ya wauaji. Ikatosha.

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Sufiani alikuwa akilima shamba la mkewe, Mwanvita, na wenye kauli pale walikuwa wajomba wa Mwanvita. Wakaanza kusema mpwa wao amechoka kungoja, anaona haya tu kutamka. Maneno hayana miguu, lakini yalifika gerezani.

Nilipokwenda kumtazama na mjomba wetu Halidi, Sufiani alimwambia, "Mjomba, Mwanvita nimempa talaka moja. Akae eda, aolewe. Asizeeke kwa ajili yangu."

Nilimsihi angoje rufaa. Akaniambia rufaa ni ya wenye watu wao. Mjomba akapeleka ujumbe, na kijiji kizima kikamsifu kaka kwa huruma yake.

Mwanvita alikaa eda amejiinamia kama mjane. Wajomba wakamwoza Hafidhi, mchuuzi wa ndizi. Hafidhi ni mtu mwema, na hilo linaniudhi mpaka leo, maana ningepata nafuu kumchukia.

Mwaka jana rufaa ikasikilizwa. Majaji waliuliza ile salfa ilikuwa mikononi mwa nani tangu siku ilipochukuliwa mpaka ikafika kwa mkemia. Hakuna aliyejua. Wakauliza shahidi alimtambuaje mtu gizani. Hakuwa amesema. Wakafuta hukumu, wakamwachia. Kumbe maswali yenyewe yalikuwa mepesi hivyo, na hakuna aliyeona haja ya kuyauliza mapema.

Alikuja kwangu, maana mwanamume wa Kiluguru asiye na mke kwao ni kwa dada yake. Alirudi na mvi na kikohozi. Aliniambia kilichomtunza kule ndani ni jambo moja, kwamba alimwacha Mwanvita huru. Hilo tu, alisema, alilifanya sawasawa.

Mwanvita alikuja kumpa pole, kwa ruhusa ya mumewe, mtoto mgongoni. Akaketi mkekani. Kaka akamuuliza kama anatunzwa. Akajibu anatunzwa.

"Alhamdulillahi," kaka akasema. "Basi sikukosea."

Mwanvita akaitengeneza kanga yake.

"Wale walikufunga kwa maneno ya mtu mmoja," akasema. "Na wewe ukaniacha kwa maneno ya wajomba. Mimi nilikuwa nakungoja, Sufiani. Hata kuniuliza hukuniuliza."

Mtoto akalia. Mwanvita akambembeleza, akaniaga, akatoka. Ndugu yangu, ambaye hakutoa chozi siku ya kufungwa wala siku ya kuachiwa, alijifunika shuka akalia mpaka magharibi, nami nikakaa naye.