Mama Mkwe Ndani ya Dashibodi

Mtu huyu walimwita Dira, na walimwita hivyo kwa kumcheka. Wako watu Mungu kawanyima sauti ya kuimba, wako aliowanyima nywele. Huyu alinyimwa kulia na kushoto. Ukimwambia "shika kulia" alitazama kwanza mikono yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua viazi, na hapo mmeshapita. Siku ya kwenda kujitambulisha ukweni aliingia nyumba ya jirani. Akakaribishwa, akanywa chai vikombe viwili, akaeleza nia yake njema, mpaka mwenye nyumba akamwambia kwa upole kwamba yeye ana watoto wa kiume watupu.

Lakini kuendesha gari alijua. Hilo lazima niliseme, maana watu hupenda kuchanganya mambo. Gari mikononi mwake lilitulia kama mtoto aliyeshiba. Hakuwahi kugonga kitu wala kukwaruza ukuta, na breki aliikanyaga taratibu kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Tatizo lake lilikuwa moja tu, kwamba alikokwenda siko.

Na kazi yake, bahati mbaya, ilikuwa kupeleka vitu kwa watu. Alikuwa dereva wa Mama Pasi, mwanamke mwenye duka la dobi: chumba kirefu chenye mvuke, mashine tatu za kufulia, na meza ya kupigia pasi iliyoungua mahali pamoja, alama yenyewe umbo la pasi, na ndiyo iliyompa mama huyo jina. Nguo zikishanyooshwa huvikwa mfuko wa plastiki, zikatundikwa kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya gari, naye Dira akazitembeza mjini. Wiki moja alimpelekea fundi bomba gauni la muuguzi, na muuguzi akampelekea ovaroli ya fundi bomba. Fundi bomba alirudisha lile gauni huku akicheka. Muuguzi hakucheka.

Ijumaa asubuhi Mama Pasi akamkalisha kwenye kigoda.

"Dira mwanangu, mimi nakupenda, na familia yako naiheshimu. Lakini kesho kuna suti ya bwana harusi. Saa nne asubuhi iwe mlangoni kwake. Si saa nne na kitu. Ikichelewa, ufunguo wa gari utauweka hapa juu ya meza, na sisi tutabaki kusalimiana tu."

"Nimesikia, mama."

"Kusikia unasikia. Shida yako ni kufika."

Sasa hilo gari. Lilinunuliwa likiwa limetumika, limetoka ng'ambo, na katikati ya dashibodi lilikuja na skrini yake ya ramani. Skrini ile haikuwa na habari kwamba imehama. Ilionyesha kimshale chekundu katikati ya bahari, gari linaogelea tangu asubuhi mpaka jioni, na mwanamke wa ndani akieleza mambo kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Redio nayo ilishika stesheni moja na nusu. Hiyo nusu ilikuwa ya bwana mmoja anayesoma bei za mazao, na kila akifika kwenye mahindi anapotea.

"Kang'oe hiyo kitu leo hii," Mama Pasi akasema. "Watie mpya. Inayojua tuko wapi."

Akaenda kwa Fundi Waya. Huyu ni mtu mwembamba mwenye kibanda kilichojaa redio zilizofumuliwa matumbo, na ana mazoea ya kuongea huku amebana bisibisi kwa meno, kwa hiyo wateja wake humwelewa nusu na nusu humwamini. Akaling'oa lile dude la zamani. Likatoka na vumbi la miaka, vibanio viwili vya nywele na jino la kitana. Akaunga waya nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, akazungushia tepu nyeusi, akabandika kiantena chini ya kioo cha mbele, akasukuma skrini mpya mpaka ikalia *tak*. Akawasha. Ramani ikafunguka, na katika ramani mtaa ule ule, na katika mtaa kibanda kile kile.

Dira akashuka garini kutazama kama kweli kipo.

"Sasa sauti," fundi akasema, safari hii bisibisi ikiwa mkononi. "Hii mashine mtu anaweza kurekodi sauti yake mwenyewe ikuelekeze. Ni maneno machache tu. Lakini nataka mtu ambaye akisema, wewe unatii. Tumwite shemeji?"

Mke wa Dira alikuwapo, amekuja kuhakikisha mumewe amefika. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Mimi? Sauti yangu huyu anaisikia kama feni. Mwekeeni mama yangu. Mama akikohoa tu, huyu anavua kofia."

Mama mkwe akaletwa. Alikuwa mwanamke mstaafu, msoma mita za maji kwa miaka ishirini na sita, aliyeingia kila ua wa mji ule akiwa na daftari na fimbo ya mbwa. Alikuja amevaa viatu vya kutokea. Fundi akampa kipaza sauti kidogo na karatasi ya maneno.

"Soma tu, mama. La kwanza hilo hapo, 'kata kulia'."

"Namwambia nani?"

"Mkweo. Atakuwa anaendesha."

"Nimwambie mkwe wangu 'kata kulia'? Hivi hivi? Hata hali sijamjulia?"

"Mama, hii ni mashine tu."

"Na aliye ndani ya gari ni mashine?"

Fundi akajikuna. Mama mkwe akasafisha koo, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Hujambo, baba? Umeamkaje? Watoto hawajambo? Na yule mwenye kikohozi? Tunashukuru. Sasa, baba, kama hutajali, hapo mbele ukate kulia."

La kushoto likawa vivyo hivyo, ila humo aliulizia pia mgongo wa mama yake Dira. Wakafika neno la mwisho.

"Hapa, mama, ni pale atakapokosea njia. Mashine inamwambia amekosea, ageuze."

"Hee! Mkwe anaambiwa amekosea? Barabarani, mbele za watu?"

"Sasa aambiweje?"

Mama mkwe akafikiri kidogo. "Hata huku si kubaya, baba," akasema kwenye kipaza sauti. "Endelea tu."

Mimi baadaye nilimuuliza yule fundi, maana pale kwenye mashine kuna kitufe, unakibonyeza mara moja na salamu zote zinaondoka, linabaki "kata kulia" peke yake. Kwa nini hakukibonyeza? Akanitazama kama nimemwomba aibe.

"Mzee, nimkate mtu mzima maneno? Mama wa watu? Mikono hii ndiyo inayonilisha, nataka iendelee kufanya kazi."

Basi zikabaki zote, mpaka kikohozi cha mtoto.

Jumamosi saa tatu kamili Dira akaondoka dukani. Suti nyeusi ilining'inia nyuma, na shati jeupe kando yake, na tai imekunjwa mfukoni. Kwa bwana harusi ni mwendo wa dakika ishirini kwa mtu wa kawaida. Alipofika mwisho wa mtaa wa kwanza, spika zote nne zikasema:

"Hujambo, baba?"

Dira akaondoa mguu kwenye mafuta, akakaa vizuri, akafunga kifungo cha shati.

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Umeamkaje?"

"Salama kabisa, mama."

"Watoto hawajambo?"

"Wazima wote."

"Na yule mwenye kikohozi?"

"Yule amepata nafuu, tangu juzi tulipompa ile dawa ya..."

"Tunashukuru. Sasa, baba, kama hutajali, hapo mbele ukate kulia."

Hapo mbele palikuwa nyuma tayari, nyuma sana, pana lori limeshapita katikati. Mashine ikatafakari.

"Hata huku si kubaya, baba. Endelea tu."

Jamani, mwenzenu alifarijika! Miaka yote hiyo barabarani hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Akaendelea. Kona ya pili wakaulizana tena habari, na ya tatu. Akafika kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, ule wenye maua katikati. Salamu zikaanza wakati anaingia, na zilipokwisha njia ya kutokea ilikuwa imempita, kwa hiyo akazunguka tena, na salamu nazo zikaanza upya, na mtu hawezi kuacha salamu za mkwe hewani. Trafiki aliyesimama pale raundi ya kwanza alimpungia mkono. Ya tatu alikuwa anahesabu kwa vidole. Ya tano alimsimamisha.

"Wewe bwana, umepoteza nini humu?"

"Naongea na mama mkwe, afande."

Trafiki akachungulia, akasikia sauti ya mtu mzima ikiuliza habari za mgongo. Akarudi nyuma hatua moja.

"Basi malizaneni kwanza," akasema, akawasimamishia magari mengine.

Mtu ataniuliza, kwani hiyo redio haina kitufe cha kupunguza sauti? Kipo, kikubwa kama kifungo cha koti. Mkono wa Dira ulikwenda mara tatu, na mara tatu ukarudi. Utamfunga mdomo vipi mwanamke aliyekupa mke?

Saa nne kasoro dakika ishirini na tano simu ikalia. Akasimamisha gari kando, maana sheria aliifuata.

"Uko wapi?" Ni Mama Pasi.

"Niko njiani, mama."

"Njia ipi?"

"Hii hii."

"Hiyo hiyo inakwenda wapi?"

Dira akatazama mbele kwa uaminifu wote. "Mbele."

Pasi ilisikika ikipumua kule dukani.

"Dira, bwana harusi ameoga, amepaka mafuta, amekaa kitandani na viatu na soksi. Hana kingine. Mimi nakaa hapa mezani nausubiri ufunguo wangu."

Akakata simu. Dira akabaki ameshika usukani. Akawaza watoto, akawaza kazi gani nyingine itamkubali mtu kama yeye, labda ya lifti. Akaondoa gari bila kujua anakwenda wapi. Mashine ikamwambia si kubaya. Akakata hapa, akakata pale, na alipoinua macho akaona ukuta wa kijani. Ule aliujua. Ni mtaa wa ukweni, mtaa pekee duniani aliousoma mpaka akauhifadhi, baada ya aibu ya ile chai. Na mama mkwe mwenyewe huyo, yupo getini anaanika viatu.

Gari likasimama mbele yake. Dirisha lilikuwa wazi.

"Hujambo, baba?" spika zikasema. "Umeamkaje? Watoto hawajambo?"

Mama mkwe akaweka kiatu chini. "Ni mwanamke gani huyo ndani ya gari la mkwe wangu?" Akatega sikio. "Ana adabu, lakini. Kalelewa huyo."

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Mimi nakwaruza hivyo?"

Dira akashuka, akasimulia yote, suti, bwana harusi na nyumba yake, soksi, ufunguo, na jinsi kona zinavyomkimbia wakati wanajuliana hali. Mama mkwe akasikiliza huku uso unambadilika.

"Ngoja. Salamu mnapeana mara ngapi?"

"Kila kona, mama."

"Kila kona! Mtu anasalimiwa mara moja asubuhi, imetosha! Baada ya hapo anaambiwa. Nani kakufundisha kusalimiwa kila kona?"

Dira akaitazama skrini.

Mama mkwe akafungua mlango wa mbele, akaingia vile vile alivyo, ndala mguuni na brashi ya viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo? Vizuri. Zimekwisha. Washa gari."

Mashine ikaanza tena, hujambo baba, naye Dira kwa malezi yake akafungua mdomo.

"Umjibu nani? Mjibu mmoja!" Mama mkwe akakishika kile kitufe cha sauti, akakizungusha mpaka spika zikanyamaza. "Usiogope, nimejinyamazisha mwenyewe. Twende. Kushoto!"

Dira akatazama mikono yake.

"Hujui kushoto?"

"Naijua, mama, ila inachelewa kuja."

Mama mkwe akamtazama kwa muda, si kwa hasira. Ni miaka kumi na moja tangu ampe huyu binti yake, na hili hakuwahi kuliuliza.

"Mimi unaniona nimekaa wapi?"

"Hapo, mama."

"Basi. Upande wangu ni 'kwangu'. Upande wako ni 'kwako'. Haya, kata kwangu!"

Gari likakata. Bila kutazama mikono, bila kupunguza mwendo, likakata kama kisu kwenye siagi.

"Kwako, penye geti la mbwa mwenye jicho moja! Amekufa, lakini kata hivyo hivyo! Kwangu! Nyoosha! Hao wenye mita iliyofunikwa sufuria usiwatazame, wataona aibu. Kwako! Kwangu tena! Hapo, simama!"

Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili. Bwana harusi alifungua mlango mwenyewe, amevaa viatu vinavyong'aa, soksi, na taulo. Dira akamkabidhi mfuko. Mama mkwe naye akashuka, na kwa kuwa watu wa nyumba ile hakuwa amewasalimia, akawasalimia, mmoja mmoja, bwana harusi akijibu habari za shangazi yake huku suruali iko begani. Alikuja kuivaa saa nne na robo. Lakini suti ilifika mlangoni kabla ya saa, na mashahidi wapo.

Mama Pasi alikuwa mezani kama alivyosema, mkono wazi. Alikwishapigiwa simu na bwana harusi. Aliwatazama wote wawili wakiingia, akatazama ile brashi ya viatu, akafunga mkono.

"Ufunguo kaa nao," akamwambia Dira. "Ila kile kiti cha pembeni ni cha mama. Gari hilo halitoki hapa kikiwa kitupu."

"Nitakuja," mama mkwe akasema, "lakini dirisha lifunguliwe, na asubuhi nisalimiwe mara moja tu."

"Jumatatu mnaanza na mashuka ya hoteli mpya."

Dira akainua kichwa. "Hoteli mpya iko wapi?"

"Hilo halikuhusu, baba," mama mkwe akamwambia. "Wewe endesha."