Mtumiaji Mwingine

Kila jioni karani mstaafu huvua saa, hupuliza kibodi kama anayepoza chai, kisha hufungua programu ya hesabu za nyumbani kwa kidole kimoja. Jioni hiyo programu iligoma: faili limefungwa, lina mtumiaji mwingine. Akaifuta skrini kwa pindo la fulana. Akazima, akawasha. Akachungulia hata chini ya meza.

“Mwizi kaingia humu!” akafoka, kwa sauti iliyokuwa ikitetemesha ofisi nzima.

“Mwizi gani, baba watoto? Ni mimi,” mkewe akajibu kutoka chumbani, kompyuta yake mapajani. “Nimelifungua huku. Mbona kila Ijumaa umeandika ‘dharura’? Dharura gani hiyo?”

Karani akavaa saa taratibu.

“Faili likifungwa hivi, mama watoto,” akasema kwa upole wa ajabu, “wataalamu wanashauri liachwe hivyohivyo.”