Shakir na Nafasi ya Mbele

Shakir wa Bi Saleha hakuwa akikimu swala kabla hajaupima kwa macho mlango wa choo. Watu wa kambi yao ya wafanyakazi, pale Al Quoz, Dubai, walidhani anatazama kama safu zimenyooka.

Alikuwa kijana wa Kisauni, mlinzi wa ghala huko Jebel Ali. Mchana kutwa alisimama getini akifungulia magari ya watu. Jioni basi la kampuni likimrudisha, alioga, akavaa kanzu, akawa maalim wa kuwaswalisha wenzake. Sauti ya kusoma Kurani aliirithi kwa babu yake, aliyeswalisha msikiti wa mtaa mpaka meno yakamwisha. Cheo kingine Dubai hakuwa nacho, na hicho kimoja alikipenda.

Lakini tumbo lilimwanza tangu yuko chuo cha Kurani kwa Maalim Aidarus. Vidonda vya utumbo mpana, walisema madaktari. Ugonjwa wenyewe ni wa damu na msokoto, wa kukuacha ukanenepa kidogo, ukasahau, kisha ukarudi. Mama yake alimpa habasoda na asali, akamwandikishia kombe, aya za kuosha na kunywa, kwa zafarani. Alikunywa. Akanywa na vidonge vya hospitali, akadungwa sindano. Ikawa kutwanga maji kinuni.

Sasa, imamu akitokwa na udhu katikati ya swala, humvuta aliye nyuma yake amalizie. Nyuma ya Shakir alisimama Ramathan, Mganda, fundi wa viyoyozi. Mara ya kwanza kuvutwa alisahau Alhamdu. Siku zikaenda, akazoea, hata kanzu akanunua mpya.

"Maalim, leo utatufikisha au watushusha njiani?" wenzake walimtania.

"Ramathan yuko. Dereva wa akiba."

Walicheka, naye akacheka. Kisha angekuwa huko msalani, jasho likimtoka, akimsikia Ramathan kwa mbali akiikimbiza Kulhuwallahu, sura fupi ileile ya juzi na ya jana.

Mwaka huu daktari wake, mama wa Kihindi asiyependa maneno mengi, alimwambia dawa zimefika mwisho. Utumbo mpana utolewe, tumboni lifunguliwe tundu, na hapo ufungwe mfuko wa kupokea choo. Huenda baadaye njia ikarudishwa, huenda isirudi. "Ukingoja upasuke wenyewe," alisema, "tutakuwa hatuna la kuchagua."

Shakir akampigia mama yake.

"Mfuko?" Bi Saleha aliuliza.

"Mfuko, mama. Chini ya kanzu hauonekani."

"Na utawaswalishaje watu, najisi umeifunga kiunoni?"

Hapo ndipo penyewe, na mama alipagusa bila kutafuta.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Kuna mzee wa dawa Malindi."

"Wa Malindi si tulikwenda, mama?"

"Kuna mwingine."

Kisha Shakir akampelekea Maalim Aidarus ujumbe wa sauti. Kesho yake maalim akajibu taratibu, kama anayemsomesha tena: "Swala yako wewe ni kamili. Utatawadha kila wakati wa swala ukiingia, uswali, umalize. Kuwaswalisha watu, wanazuoni wamekhitalifiana. Sisi tunaruhusu. Lakini huko kwenu mko wa kila madhehebu, na wapo wasioruhusu. Usiwatie watu shaka, mwanangu."

Shakir aliusikiliza ndani ya basi, akaurudia. Utaswali, umalize. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alipotoa salamu ya kumaliza swala pamoja na watu. Hakukumbuka. Miaka yote ile amekuwa akiing'ang'ania nafasi ya mbele, na swala yenyewe haimalizi.

Magharibi ile chumba cha kuswalia kilijaa. Shakir akasimama mbele, macho yakaenda mlangoni kwa mazoea. Akageuka, akamshika Ramathan mkono wa kanzu.

"Hatujaanza, maalim," Ramathan alinong'ona. "Leo umechoka mapema."

"Nimechoka, ndiyo. Pita mbele."

Ramathan akamtazama, akapita. Shakir akaingia palepale alipotoka mwenzake. Rakaa ya pili haijesha tumbo likamwinua, akatoka kama siku zote. Tofauti ni kwamba safari hii swala haikukatika kwa ajili yake.

Alipojiweza alikaa kwenye ngazi, akapiga simu nyumbani.

"Nimekubali, mama. Nitapasuliwa."

Bi Saleha akasikika akizima jiko.

"Na watu wako? Nani atawaswalisha?"

"Yuko Mganda mmoja, Ramathan."

"Ajua kusoma?"

"Ajua Kulhuwallahu."

Mama akashusha pumzi. Naye alikuwa amechoka, miaka yote hiyo akichemsha na kuchuja.

"Basi hiyo yenyewe, Mtume kasema, ni theluthi ya Kurani," alisema. "Walazwa lini?"