Ndoo ya Maji Baridi

Filister alikuwa muuguzi mwenye mkono mwepesi, na sifa hiyo ilimvimbisha kichwa katika chumba cha upasuaji cha hospitali yao, Homa Bay. Mwaka huo wa tisini na nne shashi, vitambaa vya kufyonzea damu, zilikuwa adimu. Zilifuliwa, zikachemshwa, zikarudi kazini. Damu ikikauka haitoki, kwa hiyo kila kitambaa kilichotolewa tumboni mwa mgonjwa alikitumbukiza papo hapo kwenye ndoo ya maji baridi. Sakafu yake iling'aa. Wenzake walimtania kwamba kwake hata damu inaogopa kudondoka.

Siku ya Emmah, mama kijana kutoka Rongo, mtoto alitolewa salama, akalia. Emmah alikuwa macho, amekufa ganzi kuanzia kiunoni. Alitabasamu, kisha akaanza kupiga miayo.

"Sister, nasikia kiu sana."

"Vumilia, mama. Ni uchungu umekuchosha."

Filister alimshika mkono. Ulikuwa baridi, umelowa jasho, na mapigo yalikwenda mbio. Dalili zote hizo za kupoteza damu alizijua. Hata wanafunzi aliwafundisha. Lakini aliitazama sakafu yake safi, akatulia.

"Damu imepotea kiasi gani?" Daktari Maranga aliuliza bila kuinua macho.

Kitambaa kilicholowa damu unakitazama, unakipima, unajua. Vyake vilikuwa ndani ya ndoo, na maji yakishakuwa mekundu hakuna awezaye kusema yamebeba damu kiasi gani. Angeweza kusema tu kwamba hajui. Aliona haya.

"Kidogo tu, daktari."

Daktari akaendelea kushona bila haraka, wala hakuagiza damu. Walipogundua kwamba mfuko wa uzazi umelegea na unavuja, midomo ya Emmah ilikuwa imepauka. Damu ililetwa mbio, lakini mbio za bure.

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtafuna. Aliiondoa ndoo, akawa anatandaza vitambaa mahali pa kuonekana. Walipomuuliza sababu, alisema ni utaratibu mpya.

Miezi ikapita. Phelesia, mama mkwe wa Emmah, akaja na mjukuu mgongoni na kuku kapuni.

"Sister, nimekutafuta! Huyu nyathi, mtoto wetu, tumemuita Filister. Wewe ndio ulishika mama yake mkono mpaka mwisho."

Filister akatikisa kichwa. "Mama, mpatieni jina lingine. Mimi sistahili."

Phelesia akacheka, akamshusha mtoto na kumpakatisha muuguzi. "Ndio maana tulichagua wewe, sister. Hujui kujisifu."